Kisiwa Alichokipanga Faridi

Asubuhi ile Benite alifika kituoni na mabakuli mawili ndani ya kitambaa kimoja. Bakuli la kwanza lilikuwa la mumewe, Moïse Cirimwami, aliyekuwa amefungiwa kwenye kasho, kile chumba kidogo cha watuhumiwa nyuma ya kituo. La pili aliliweka juu ya meza ya Inspekta Saliha.

"Hii ni nini?" Saliha akauliza.

"Ugali na mboga ya lengalenga, afande. Na visamaki vya ndagala juu yake."

"Mimi sili chakula cha watu wa kasho."

"Si cha kasho. Ni cha kwangu." Benite akakunja kitambaa chake taratibu. "Kwetu Uvira, mutu akikuchungia mutu wako, unamulisha. We unanichungia bwana. Kula, kingali cha moto."

Akaenda zake nyuma na lile bakuli jingine. Saliha akabaki anaangalia mvuke. Angetukanwa, angejua la kujibu.

Moïse, mkimbizi Mkongomani, alikuwa mpishi wa Mzee Uthmani, mfanyabiashara wa saruji na mabati aliyeishi Kiriri, kule mlimani juu ya mji. Mzee alikunywa chai yake ya jioni, akalalamika tumbo, akafa kabla gari halijafika hospitali. Akazikwa kesho yake kama ilivyo desturi ya Waislamu. Lakini daktari alikuwa na wasiwasi, akaomba thamosi ya chai, na ndani yake ikapatikana dawa ya kuulia wadudu wa nyanya. Chai aliipika Moïse. Chupa ya dawa ikakutwa kwenye mfuko wa Moïse, jikoni, nyuma ya gunia la makaa. Saliha mwenyewe ndiye aliyeufungua mfuko, na Saliha mwenyewe ndiye aliyekwenda Kanyosha kumtia mpishi pingu. Magazeti yakaandika kwamba polisi wamefanya kazi haraka.

Kesho asubuhi gari la gereza kuu lingekuja kumchukua. Mkimbizi asiye na wakili akishaingia kule, faili lake hulala, naye huzeeka akilingoja liamke.

Tangu juzi kulikuwa na jambo moja lililomkwama Saliha kooni kama mwiba wa samaki. Siku ya upekuzi, Faridi, mtoto wa ndugu wa Mzee Uthmani, alimsogelea pale uani, akamwambia kwa upole, "Afande, umeangalia mufuko wa mupishi? Ule wa nyuma ya makaa?" Siku ile alimshukuru.

Na jana alimwita Gaël, dereva wa nyumba ile, akamuuliza watu wa Kiriri walikuwa wakienda wapi kabla ya msiba. Gaël akataja msikiti, benki na duka la mabati. Mwishoni akasema alikuwa akimpeleka Faridi mtaa wa Bwiza, kwa Mama Ilias, na kila mara Faridi alirudi anapiga mluzi.

Mama Ilias hauzi nguo wala simu. Anauza safari.

Saliha akalifunika bakuli kwa sahani, akavaa baibui juu ya nguo zake, akamwambia konstebo mmoja amfuate kwa mbali. Wakaenda kwa miguu, maana gari la kituo halikuwa na petroli.

*

Ofisi ya Mama Ilias ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitenge. Jina lake hasa ni Waridi, mjane wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Ukutani hakubandika picha hata moja ya bahari. Alisema picha zinadanganya na watu wanazidanganya picha. Mteja alivua viatu mlangoni, akaweka simu kwenye kikapu chenye mfuniko, akakaa juu ya mito, akapewa chai. Bei ilikuja mwisho kabisa. Kwanza aliulizwa swali moja, na kwa ajili ya swali hilo matajiri wa Kiriri na wake wa mabalozi walipanda ngazi zile mbovu na viatu vyao vya bei.

"Asalaam aleykum, Mama Ilias."

"Aleykum salaam. Saliha wa Mzee Shaabani." Mama Ilias hakuinuka. "Kila siku naona unapita chini, shingo imekaza kama umemeza mwiko. Leo umepotea njia?"

"Leo nimekuja kazini. Faridi wa Mzee Uthmani ni mteja wako?"

"Mi nilikuuliza jina la walevi uliowafunga jana?"

"Hapana."

"Basi. Mutu akinambia anataka kwenda kulala wapi na nani, hiyo ni sitara yake. Nikiitoa, kesho ninauza vitumbua."

"Naweza kukuita kituoni."

"Niite. Nitakuja, nitakaa, nitakunyamazia kule kama ninavyokunyamazia hapa. Tofauti ni chai tu. Yenu mbaya."

Saliha alimjua tangu utotoni. Mwanamke huyu hatishwi. Akavua viatu, akaweka simu yake kikapuni, akakaa kwenye mto.

"Basi nipangie mimi safari."

"We?"

"Mimi. Kisiwani. Pa kifahari, pa raha, pasipo na mtu wa kuniita afande."

"Kwa mushahara wa polisi?"

"Nilisikia huanzi na bei."

Mama Ilias akacheka, tumbo likatikisika. Akamimina chai ya tangawizi kwenye vikombe viwili, akajisogeza karibu. Alipoanza kazi, uso wake ulibadilika. Alikuwa fundi, na fundi hawezi kukataa ubao ulioletwa mbele yake.

"Umechoshwa na nini?" akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake.

"Kazi."

"Kila mutu anasema kazi. Kazi haimufukuzi mutu mpaka baharini. Nikikupeleka Shelisheli bila kujua unachokimbia, nitakupeleka nacho, mutalala kitanda kimoja. Sema kweli ama vaa viatu."

Saliha alikuwa amejiandaa kudanganya. Alikuwa na hadithi ya mchumba na hadithi ya ugonjwa wa mgongo. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Nimechoshwa na bakuli la ugali."

"La nani?"

"Kuna mwanamke ananiletea chakula. Mume wake nimemfunga mimi. Ninaona sasa sikumfunga kwa haki, na kesho wanamchukua."

Mama Ilias akaangalia chini. Akanyoosha kanga yake mapajani.

"Wewe nitakuweka mbali na watu," akasema upesi. "Si hoteli kubwa. Kuna kisiwa kidogo, nyumba ziko mbalimbali, kila moja na bwawa lake. Ndege mpaka Mahé, halafu boti ndogo. Chumba kimeelekea kibla, nimewauliza. Nyama ya halali. Asubuhi hawakugongei mlango, wanaacha kifungua kinywa kibarazani, wanaondoka. Kuna mama wa kukukanda mgongo kwa mafuta ya nazi. Mchana hakuna kitu. Hakuna saa ukutani. Unaamka, unalala, unaamka. Mchanga wao mweupe, hauchomi miguu..."

Maneno yalitoka mazuri, moja baada ya jingine, na kwa kitambo Saliha aliyafuata. Aliona kibaraza, akaona maji, akajiona amelala na mikono wazi. Kisha akaona aibu, kama mtu aliyejikuta anacheka matangani. Wakati yeye anachaguliwa mafuta ya kukandwa, Moïse alikuwa amekaa juu ya sakafu ya saruji.

Ndipo alipogundua kinachokosekana.

"Mama Ilias."

"Naam."

"Nimekwambia nimemfunga mtu asiye na kosa. Hukuniuliza ni nani."

Mama Ilias akashika birika, akalirudisha.

"Wewe unamuuliza mteja mpaka upande anaolalia," Saliha akasema. "Mtu yeyote wa Bwiza angeuliza, nani huyo, mtoto wa nani? Wewe umekimbilia mchanga."

Chini, muuza vitenge alikuwa anabishana na mteja juu ya rangi itakayochuja. Mama Ilias aliwasikiliza kana kwamba jambo lile linamhusu sana.

"Ni yule mupishi," akasema mwishowe.

"Ni yule mpishi. Sasa niambie alichokwambia Faridi."

*

Alisimulia huku ameshika kikombe kwa mikono miwili, na hakunywa.

Faridi alikuja wiki kadhaa kabla ya msiba. Alitaka kisiwa, cha watu wawili, yeye na bibi atakayemuoa. Jina la bibi angelileta baadaye. Alipoulizwa amechoshwa na nini, alijibu amechoshwa na kungoja. Mama Ilias akampa tarehe za karibu, wakati hoteli hazijajaa. Akazikataa zote. Alitaka mbele zaidi, miezi mbele.

"Nikamuuliza kwa nini. Akasema bibi mwenyewe hataweza kutoka ndani mpaka wakati huo. Nikauliza, mugonjwa? Akasema apana, muzima. Sikushangaa sana. Mambo ya watu mengi."

"Halafu?"

"Halafu tukaanza kupanga siku ya kufika. Mi hiyo siku ninaipanga vizuri kuliko zote, kwa sababu ndiyo mutu anaikumbuka. Nikamwambia, funga macho, niambie bibi anaingia chumbani anaona nini. Akafunga macho. Alikuwa amelegea, Saliha, anatabasamu kama mutoto. Mutu akipanga starehe ulimi wake unavua viatu." Akashusha pumzi. "Akasema anataka chumba kifukizwe udi. Anataka marashi mezani, chupa nyingi, achague. Anataka muwekaji hina amungojee, na wanja, na mikufu ya zahabu juu ya kitanda, na magauni ya rangi, hasa nyekundu. Akasema, 'Kwa sababu atakuwa amekaa muda murefu bila hivyo vyote.'"

Saliha hakuhitaji kuelezwa, lakini alingoja aelezwe.

"Mi ni mujane," Mama Ilias akasema. "Mume wangu alipokufa nilikaa eda yangu yote. Sikutoka ndani, sikupaka hina, sikujitia manukato, wanja, zahabu. Hakuna kitu kingine duniani kinachomunyima mwanamke vitu hivyo vyote kwa pamoja. Kwa hiyo nikamuuliza, kumbe bibi atakuwa anatoka eda? Akafungua macho. Akasita. Akasema ndiyo. Nikasema, Mungu amurehemu huyo marehemu."

"Akasema nini?"

"Akaitika amina."

"Na wakati ule Mzee Uthmani?"

"Ijumaa ya wiki ile ile alipita hapa chini anatoka musikitini, akanitania kwa dirisha, eti lini nitamupeleka na yeye Ulaya." Akafuta ukingo wa kikombe kwa kidole. "Mi nilifikiri ni mujane mwingine. Mpaka nilipopanda Kiriri kuhani. Nikamukuta Soumaya, mujane wake, ndani, amekaa eda, na Faridi amesimama mlangoni kwake, anasema nani aingie nani asiingie. Nikaelewa pale pale. Ubani ukanipanda kichwani, nikaomba maji."

"Na hukuja kwangu."

"Sikuja."

"Kwa nini?"

"Hili jengo ni la Mzee Uthmani. Sasa anakusanya kodi Faridi." Akaweka kikombe chini. "Lakini si hilo. Ningesema ni hilo, ningekudanganya. Nilisikia umemushika mutu, nikauliza ni nani. Wakasema Mukongomani mumoja, mupishi. Nikasema, ah. Basi si mutoto wa hapa. Nikarudi kumimina chai."

Saliha alitaka kumkaripia. Neno lilifika mdomoni, likamgeukia. Nani aliyeulizwa aangalie mfuko mmoja akaangalia mfuko mmoja tu? Nani hakuuliza chupa ilinunuliwa duka gani?

"Mimi pia nilisema, ah," akajibu.

Mama Ilias akammiminia chai nyingine.

"Soumaya alijua?" Saliha akauliza.

"Sijui. Hakufika hapa hata siku moja."

"Basi tutamuuliza mwenye safari. Chukua simu yako. Mwambie hoteli inataka pasipoti ya bibi leo, la sivyo ile nyumba inapewa mtu mwingine."

"Huo ni uongo."

"Ni uongo."

Mama Ilias akaliangalia lile kapu kwa muda. Kisha akainua mfuniko.

*

Faridi alikuwa na duka la simu mtaa wa pili, akaja kabla chai haijapoa. Saliha alikuwa nyuma ya pazia lililotenga ofisi na jiko dogo, karibu na jiko la mkaa. Aliona mkono wake tu, na saa kubwa, na kiatu kilichovuliwa kwa kisigino cha kiatu kingine.

"Mama yangu, unanikimbiza kama nimekuibia," Faridi akasema kwa furaha. "Hao wazungu hawana subira?"

"Nyumba ni moja, wanaoitaka ni wengi. Umeleta?"

"Nimeleta."

Kijitabu kikawekwa juu ya meza. Mama Ilias akakifungua, akasoma jina kwa sauti, kama anavyosoma majina yote. Lilikuwa la Soumaya, na la baba yake Soumaya.

"Huyu si mujane wa Mzee?"

"Ndiye. Ni sunna kumusitiri mujane, ama?"

"Ni jambo jema. Amekubali?"

"Atakubali."

"Hujamuuliza?"

"Mama Ilias, yule mutoto hana baba, hana kaka. Akimaliza eda, atakwenda wapi? Mi ndiye mulango. Nikifungua, nikifunga, nani ataniuliza?" Akacheka kidogo. "Usimuweke chumba cha juu ya maji. Anaogopa maji. Atazoea, lakini pole pole."

Saliha akasogeza pazia.

Faridi hakuruka. Alimwangalia, akaangalia pasipoti mezani, akavuta mto, akakaa vizuri zaidi.

"Afande. Na wewe unakwenda Shelisheli?"

"Nilikuwa ninakwenda. Nimeahirisha."

"Kumupenda mujane si kosa."

"Si kosa. Ulimpangia eda yake mumewe akiwa hai, hilo ndilo ninataka unieleze. Ulimpangia udi, hina na dhahabu, kwa tarehe ya kutoka ndani. Ukapewa pole ya marehemu, ukaitika amina. Marehemu gani?"

"Nani anasema?"

Pale chumba kikawa kidogo. Faridi alimgeukia Mama Ilias taratibu, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi.

"Nani anasema, mama yangu? Hii nyumba ya nani?"

"Ya Mzee Uthmani," Mama Ilias akajibu. "Mungu amurehemu." Akangoja. "Mbona leo hukuitika?"

Faridi akageuza saa yake mkononi.

"Mimi ndiye ninasema," mwanamke akaendelea, mikono yake akaiweka chini ya kanga. "Na nitasema mbele ya hakimu. Nilichelewa, lakini nitasema."

"Maneno ya mwanamke mumoja," Faridi akamwambia Saliha. "Chupa ilikutwa kwa mupishi. We mwenyewe uliiona."

"Niliiona, kwa sababu ulinielekeza. Ulisema, nyuma ya makaa. Niliwauliza watu wa nyumba ile habari zako. Wakasema huingii jikoni, hata maji ya kunywa unaletewa. Mwanaume asiyejua chumvi ya nyumba iko wapi, alijuaje mfuko wa mpishi uko nyuma ya gunia?"

Alifikiri. Ilionekana wazi kwamba anafikiri, na kwa mtu wa maneno mepesi kama yeye, kufikiri kule kulichukua nafasi kubwa mno.

"Nitajibu mbele ya avoka wangu," akasema.

"Vizuri. Una haki hiyo. Yule uliyemtilia chupa mfukoni hakuwa na wakili."

Saliha akamwita konstebo aliyekuwa ngazini. Faridi akavaa viatu vyake bila haraka, akafuta vumbi kwenye ncha ya kimoja. Alipofika mlangoni akamwambia Mama Ilias, "Tafuta jengo lingine."

"Ninatafuta," akajibu.

*

Kabla ya kwenda kwa mwendesha mashtaka, Saliha alipanda Kiriri. Soumaya alimpokea chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe zisizo na pambo, uso mtupu. Saliha hakumtajia mtu wala sumu. Alimuuliza jambo moja tu: kama angeambiwa apumzike popote duniani, angechagua wapi.

"Kwa mama yangu, Rumonge," msichana akasema. "Lakini Faridi ameweka pasipoti na simu yangu. Anasema mutu wa eda havihitaji."

Saliha akamrudishia pasipoti yake mkononi, kisha akakumbuka kwamba ni kielelezo, akaiomba tena, akaona aibu. Simu aliahidi kuileta mwenyewe.

Mwendesha mashtaka alimsikiliza akiwa amesimama. Alimuuliza kama anajua maana ya kukiri kosa kwenye faili lenye jina lake, baada ya magazeti kumsifu. Akasema anajua. Alimuuliza kama anajua kwamba shahidi mmoja na pasipoti moja havitoshi kumhukumu Faridi. Akasema anajua, kazi ndiyo kwanza imeanza, na leo jioni atazungukia maduka ya dawa za kilimo. Lakini vinatosha kumtoa Moïse. Yule bwana akatazama dirishani. Kisha akapiga muhuri.

*

Mlango wa kasho ulipofunguliwa, Benite alikuwa uani amekaa juu ya jiwe. Moïse alikuwa amekaa ndani na mgongo ukutani, mtu mrefu, mwembamba, viatu vyake havina kamba.

"Umeachiwa," Saliha akasema. "Toka."

Moïse hakusogea.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Sitoki."

Benite akasimama. "Moïse, we mwanaume, toka. Wakibadilisha mawazo?"

"Acha." Hakuinua sauti. "Afande, nikitoka peke yangu, Kanyosha watasema nini? Watasema ametoroka. Ama amehonga. Siku uliponishika, batu balikuwa banatoka kanisani. Ulinitembeza kutoka mulango wangu mpaka kwenye barabara ya kaburimbo, na pingu, na batoto bangu banatufuata nyuma. Mwenye nyumba amemwambia Benite atafute pengine."

"Nitakupa karatasi ya mwendesha mashtaka. Ina muhuri."

"Nani atasoma karatasi yangu? Kule banasoma miguu ya mutu, anatembea na nani." Akamwangalia kwa mara ya kwanza. "Walikuona unanipeleka. Bakuone unanirudisha."

"Nitakusindikiza."

"Na nguo za polisi," Benite akasema kutoka uani. "Si hilo baibui. Siku ile ulivaa za polisi."

Saliha akaingia chumba cha nyuma, akabadili.

Walipanda basi mpaka mwanzo wa Kanyosha, wakashukia kwenye kaburimbo, wakaingia njia ya vumbi. Moïse alitembea katikati, Benite kushoto, Saliha kulia. Wauza nyanya waliacha kuita wateja. Mtu mmoja kwenye kioski cha vocha akasema, si kwa sauti kubwa, "Mupishi wa sumu amerudi." Mwingine akacheka.

Moïse akasimama. Alisimama tu, akaangalia mbele, na Saliha akaelewa kwamba hawataendelea mpaka yeye afanye lililomleta.

"Huyu ni Moïse Cirimwami," akasema. "Nilimkamata mimi. Hakuua mtu. Kosa ni langu, si lake."

Wa kioski akaacha kucheka. Wakaendelea. Mbele ya mashine ya kusaga, Moïse akasimama tena. Saliha akasema tena. Mbele ya kanisa akasimama. Akasema tena, na safari hii mwanamke mmoja akamuuliza, "Jina lako nani, we unayesema hivyo?" Akalitaja, na la baba yake.

Wakaufikia mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani. Watoto wawili wakatoka mbio, wakamshika baba yao miguu, akawashika vichwa, lakini hakuingia. Alimkabidhi Benite watoto, akaendelea kutembea.

Saliha alimfuata hatua chache.

"Moïse. Nyumba yako tumeipita."

"Ndiyo, mama," Moïse akasema. "Lakini na bale ba kule chini walisikia nimeshikwa."

Njia ilikuwa inateremka mbele yao, nyumba baada ya nyumba, na watu walikuwa wameanza kutoka milangoni. Saliha akafunga kifungo cha shingoni, akashuka naye.